Hakuna Jiwe Lililopasuka

Barabara ya Korpi, Michigan
Jumapili, 8 Oktoba 1978

Shangazi Elma,

Shikamoo. Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama, hata Mungu kwa sauti. Tarehe kumi na tisa Agosti nilifyatua risasi ndani ya sauna yetu, na mdogo wangu Arvid alikuwa upande wa pili wa ukuta.

Nakuandikia wewe kwa sababu unafanya kazi maktaba na unajua vitabu, na pia, nisamehe, kwa sababu huji kwetu, kwa hiyo hutaniangalia usoni.

Ilikuwa Jumamosi, sauna inapashwa moto. Mama alinituma nifute vumbi chumba cha kuvulia nguo, na bunduki ya zamani ya baba, ile yenye bomba la risasi chini ya mtutu, ilikuwa kwenye vigingi vyake. Baba alikuwa ameshasema ni tupu. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kama nataka kujifunza kulenga. Mimi ni yule wa vitabu. Basi niliitwaa, nikaiweka begani, nikalenga kifundo cheusi kwenye ubao wa ukuta. Nilitaka tu kujua watu wanajisikiaje. Nikavuta.

Arvid alikuwa amekaa ndani, benchi la chini, anasubiri mvuke. Risasi ilipita juu ya kichwa chake, nimepima, shubiri moja na vidole viwili. Akapiga kelele: "Saima! Jiwe limepasuka!" Unajua mawe ya jiko la sauna yakizeeka hupasuka kwa kishindo. Na mama akaita kutoka uani, "Nini hicho?" Nikajibu, "Jiwe, mama." Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote.

Nililitundikia lile tundu kifurushi cha matawi ya kujipigia mwilini wakati wa mvuke. Wiki iliyofuata baba alitoa mawe yote kwenye jiko la sauna, akaenda ziwani kuleta mapya, akayabeba mgongoni mizigo sita, kwa sababu ya uongo wangu.

Sasa sikiliza. Arvid anatimiza miaka kumi, na mkesha wa Krismasi baba atampa bunduki ya kwanza. Ni hiyo hiyo. Nilimwambia labda atumie kile kibunduki kidogo cha risasi moja ambacho babu alimtengenezea marehemu baba mdogo Veikko, kile kilichofungwa kwenye gunia la unga darini juu ya sauna. Baba akapauka. Alisema, "Kile kina njaa ya watoto. Veikko aliiba zawadi yake kabla ya siku, akapanda nayo uzio, ikamla. Hii yangu miaka yote haijamdhuru mtu."

Ningeweza kumwonyesha tundu. Siwezi. Tafadhali nitumie kitabu chochote kinachoeleza mtoto aanze na bunduki gani. Baba hanisikilizi mimi, lakini pengine maandishi yaliyopigwa chapa atayaheshimu.

Ni mimi mwanao,
Saima

*

Duluth, Minnesota
15 Oktoba 1978

Saima mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara moja, kisha nikaiweka jikoni chini ya sahani.

Kitabu nakituma leo. Ila yaliyomo ni haya, uyashike hata kikichelewa. Bunduki ya kwanza ya mtoto iwe ya risasi moja tu. Aitie risasi kwa mkono wake, aikoki kwa mkono wake, na akishafyatua iwe imekufa mpaka yeye mwenyewe aifufue. Komeo lake liwe la kufunguka wazi, ili mtu yeyote chumbani aone kama kuna kitu. Iwe ya risasi ndogo, isimpige bega akajifunza kuiogopa. Na impate: kitako kikilala mkononi, mwisho wake ukae ndani ya kiwiko na kidole kifike kwenye kifyatulio bila kujinyoosha. Ikiwa ndefu ataibana kwapani, na mtutu utatangatanga.

Ile ya baba yako Onni si ya mtoto. Mtu anaweza kuvuta bomba, akamwaga risasi zote mezani, akazihesabu, akaapa kwamba ni tupu, na moja bado imelala chemba, nyuma ya mtutu.

Mwambie anunue mpya dukani. Kile cha darini msikiguse.

Kuhusu tundu, liache. Usimwambie baba yako. Amebeba ya kutosha, na kusema hakutamrudisha mtu.

Vaa soksi za sufu. Maji ya ziwa kwenu yanaganda mapema.

Shangazi yako,
Elma

*

Barabara ya Korpi
Jumapili, 5 Novemba 1978

Shangazi Elma,

Shikamoo. Kitabu kimefika na nimekisoma mara tatu. Jana wakati wa chakula nilijikaza. Mama alikuwa amepakua supu ya samaki. Nikasema, na uso unaniwaka, "Baba, hiki kitabu kinasema mtoto aanze na bunduki ya risasi moja."

"Kitabu kimewahi kuua sungura?"

"Hicho kikimwangukia kinamuua," Arvid akasema. "Kizito kama tofali."

Baba alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Sasa sikiliza, profesa. Sungura ukimkosa mara ya kwanza, mwenye risasi moja anabaki kumpungia mkono. Kwaheri sungura, wasalimie nyumbani."

"Kwani tunataka afe sungura au aishi Arvid?"

Sikujua kama ni mimi niliyesema hivyo. Mama akaangalia dirishani. Baba alimaliza supu, kisha akaenda akaleta bunduki, akampa Arvid ailenge taa, ili anionyeshe. Mikono ya Arvid haikutosha. Aliibana kitako kwapani kama mtu anayetembelea gongo, na mtutu ukazunguka chumba chote. Ulipita kwa mama, ukapita kwangu. "Atakua," baba akasema. "Mimi nilikua nayo."

Kabla ya hapo aliimwaga mbele yetu. Alivuta bomba, risasi zikadondoka kwenye kitambaa cha meza, akahesabu: tisa. "Tupu," akasema. Hakufungua chemba. Ndipo nilipokumbuka barua yako.

Shangazi, mimi sikukuandikia kwamba baba humwaga bomba na kuhesabu. Nilisema tu kwamba alisema ni tupu. Umejuaje? Na umeandika kwamba kusema hakutamrudisha mtu. Arvid hajaenda popote. Yuko chumba cha pili, anakoroma. Ulikuwa unamsema nani?

Kuna kingine. Kila Jumamosi jiko likishika moto, darini panagonga. Mara tatu au nne, pole pole, kama kifundo cha kidole juu ya mbao. Babu alipokuwa hai alikuwa akisema, "Veikko anaomba maji," na kumwaga kata moja juu ya mawe kabla sisi hatujaingia. Tulidhani ni mzaha wake. Sasa babu hayupo na hakuna anayemwaga, na kunagonga zaidi.

Nijibu, tafadhali.

Saima

*

Barabara ya Korpi
Jumatano, 22 Novemba 1978

Shangazi Elma,

Hujanijibu, na leo ndiyo siku yenyewe. Baba na mama na Arvid wamekwenda kumwashia Veikko mshumaa kaburini, kwenye theluji. Nilisema kichwa kinaniuma. Ni uongo wa pili, naona wa pili ni mwepesi.

Nimepanda darini. Najua uliniambia nisiguse.

Gunia la unga limefungwa kwa uzi wa katani, vifundo vigumu kama mbegu. Ilinichukua muda mrefu, na vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nilitarajia bunduki. Niliyoyakuta ni vipande.

Kuna mtutu mfupi, umepakwa grisi. Kuna komeo, peke yake, ndani ya karatasi ya mafuta iliyokunjwa vizuri kama zawadi. Kuna kitako ambacho babu alikikata kwa msumeno ili kimtoshe mtoto, na sehemu aliyokata mbichi, haijapigwa msasa, bado ina nywele za mbao. Na kipande kilichokatwa kipo pia, kama desturi ya watu wote hapa, ili mtoto akikua kirudishwe. Kina maandishi ya babu kwa penseli: Veikko, Krismasi 1947.

Nilikigeuza kitako nikatafuta tundu la skrubu inayokifunga kwenye mtutu. Halipo. Babu alikuwa ameweka alama tu, msalaba mdogo wa penseli, mahali pa kutoboa. Hakuwahi kutoboa.

Shangazi, hiki kitu hakijawahi kuwa bunduki. Hakingeweza kumpiga mtu hata kama angekibeba akapanda nyuzio zote za wilaya hii. Baba mdogo Veikko alikufa tarehe ishirini na mbili Novemba, na zawadi yake ilikuwa bado mbao na chuma.

Nimekaa nacho magotini karibu saa nzima. Watu wamekuwa wakimwita mwizi miaka thelathini na mmoja. Wanatuambia hadithi yake tukiwa wadogo, ili tusiguse vitu vya Krismasi.

Aliuawa na nini?

Nadhani najua. Nadhani iko kwenye vigingi kule chini, na zimebaki wiki nne na siku nne.

Saima

*

Duluth
29 Novemba 1978

Saima mwanangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Hii nitaituma hata ikiwa mbaya.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Onni alikuwa na kumi na miwili, Veikko kumi. Ilikuwa Jumamosi kama yako, na chumba ni kile kile. Onni alirudi kutoka kuwinda sungura, bunduki imejaa theluji. Kazi yangu ilikuwa kukausha na kufuta bunduki, kwa sababu chumba cha kuvulia nguo ndicho kilichokuwa na joto. Alivuta bomba mbele yangu, akamwaga, akahesabu. "Tupu, dada," akasema, akaenda kwa jirani kurudisha msumeno.

Veikko alitoka ndani ya mvuke akiwa na taulo kiunoni. Aliniona nimeshika bunduki, akainua mikono juu, akafanya sauti ya mtu mzima: "Usinipige, Bwana Polisi, nina watoto saba!" Nilicheka. Nilikuwa bado nacheka nilipovuta.

Mama yangu aliita kutoka uani, "Jiwe?"

Nikasema, "Jiwe."

Sasa unajua kwa nini barua yako niliiweka chini ya sahani. Uliandika maneno yangu, kwa mwandiko wako.

Sikuita mtu. Sijui kwa muda gani. Jiko lilikuwa linanguruma na yeye alikuwa anaangalia dari. Baba alipoingia hakunipiga wala hakunishika. Alimfunika. Akanifuta mikono kwa maji ya moto, kidole kimoja kimoja, akasema, "Wewe ulikuwa zizini unakamua. Hukuwepo hapa." Kisha akamvika Veikko nguo, akambeba mpaka kwenye uzio, na mkuu wa polisi alipokuja alimkuta huko. Mkuu alivua kofia. Hakuomba kuona bunduki. Nyakati zile neno la mzee lilitosha.

Alitaka kutuokoa wote wawili, mimi niliyevuta na Onni aliyesema ni tupu. Kwa hiyo alimtwisha aliyekufa. Alidhani wafu hawabebi kitu.

Onni hajui. Aliporudi na theluji mabegani aliambiwa Veikko ameiba zawadi yake. Ameilinda bunduki ile maisha yake yote kwa sababu anaiamini, na anaiamini kwa sababu mimi nilinyamaza. Nilijiambia nanyamaza kwa ajili yake. Sivyo. Ni kwamba sikutaka mtu yeyote aliye hai aseme jina langu na la Veikko kwa pumzi moja.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, nimeifunga kwa gundi, ya kumpa Onni. Nimemweleza yote. Ningeituma kwake moja kwa moja, lakini ataiona anwani na ataichoma bila kuifungua, kama anavyofanya na kadi zangu, kwa sababu niliondoka na sirudi. Mpe wewe. Au ichome wewe. Ukiichoma sitakulaumu, ila bunduki ile isifike mikononi mwa Arvid. Hata ikibidi uitupe ziwani.

Huko kugonga nilikusikia na mimi. Ndiyo maana niliondoka.

Elma

*

Barabara ya Korpi
Jumanne, 26 Desemba 1978

Mpenzi Shangazi Elma,

Shikamoo. Barua yako kwa baba ilikaa ndani ya kamusi yangu siku kumi na tisa. Nilijua kila asubuhi kwamba ipo. Arvid alikuwa akihesabu siku kwa chaki nyuma ya mlango, na mimi nilikuwa nikihesabu pamoja naye lakini kwa hofu.

Tarehe ishirini na moja baba alishusha bunduki yake, akaipaka mafuta, akafunga utepe mwekundu kwenye mtutu. Nilimwangalia akifunga. Alifunga vibaya, akafungua, akafunga tena. Alikuwa na furaha, shangazi. Nikasema, "Baba, njoo sauna nikuonyeshe kitu." Akasema, "Jiko limepasuka tena?" Nikasema, "Halikupasuka hata mara ya kwanza."

Nilimwonyesha langu kwanza. Niliondoa yale matawi. Alitia kidole kidogo kwenye tundu, akaingia ndani, akakaa benchi la chini pale anapokaa Arvid, akageuka taratibu mpaka akaiona risasi imezama kwenye gogo juu ya kichwa chake. Akauliza, "Lini?" Nikamwambia. "Nilisema ni tupu," akasema. Nikasema ndiyo. Nilidhani atanipiga makofi, na ningefurahi.

Kisha nikampa barua yako na nikaweka lile gunia miguuni pake, limefunguliwa.

Alisoma polepole, midomo inacheza. Alipomaliza hakuniangalia. Alichukua kitako, akakigeuza, akapitisha kidole gumba huku na huku akitafuta tundu la skrubu, kama mimi nilivyotafuta. Alitafuta muda mrefu sana. Alipoufikia ule msalaba wa penseli aliacha kidole hapo.

"Nilizimwaga mbele yake," akasema. "Nilihesabu."

Halafu akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima, na mimi, ambaye sijui kugusa watu, nikamshika mkono wa shati.

Asubuhi iliyofuata alifunga ile bunduki kwenye jiliwa akaikata mtutu kwa msumeno, vipande vitatu. Utepe aliutoa kwanza. Mama alisimama mlangoni, hakuuliza. Nadhani alishaambiwa usiku. Kisha baba akaniita, "Profesa, leta kitabu chako." Tulipima mkono wa Arvid, tukamdanganya kwamba ni kwa ajili ya koti. Kitako cha Veikko kilikaa ndani ya kiwiko chake sawasawa, na kidole kikafika. Nilipiga msasa ile sehemu mbichi. Baba alitoboa tundu juu ya msalaba wa babu. Alipofika nusu, akaniachia keekee nimalizie mimi.

Nilimuuliza, "Huogopi tena kwamba kina njaa?" Akasema, "Hakijawahi kula kitu. Ni mimi niliyekisingizia."

Mkesha wa Krismasi Arvid alifungua kifurushi chake. Aliposoma yale maneno ya penseli kwenye kile kipande akauliza, "Si alishaiba hii?"

"Hakuiba kitu," baba akasema. "Alikuwa mtoto mzuri kuliko wewe, na wewe umzidi kama unaweza."

"Nitamzidi. Ina risasi ngapi?"

"Moja. Na hiyo moja utaiona masika. Mpaka hapo utaibeba tupu, utaifungua, na utamwonyesha dada yako."

Arvid akanikodolea macho. "Saima ndiye mwalimu?"

"Saima ndiye mwalimu. Na yeye atajifunza na wewe."

Halafu tukaingia sauna ya Krismasi, wote wanne. Jiko lilipowaka sawasawa, darini pakagonga. Mara tatu, pole pole. Kule juu sasa hakuna kitu, shangazi, hata gunia halipo, nilipafagia mimi mwenyewe. Arvid aliangalia juu. Baba aliangalia mawe. Hakuna aliyesema ni jiwe.

Chini ya barua hii utaona mstari wa penseli. Ni wa baba. Alikataa karatasi yake mwenyewe.

Yaliyobaki ni niliyofanya mimi. Wengine walipotoka kwenda kula, nilibaki nyuma. Unajua baada ya sisi kuoga usiku ule sauna huachiwa wasioonekana. Nilijaza ndoo maji safi. Nilimwaga kata moja juu ya mawe, kwa jina la baba mdogo Veikko, nikiita jina lake kwa sauti, na lako pamoja nalo, kwa pumzi moja. Nilitandaza taulo kavu kwenye benchi la chini. Nilifunga mlango nikaenda ndani. Nikamkalisha Arvid mezani, nikamwambia afungue komeo, achungulie, kisha atie kidole kidogo chemba kwa sababu macho hudanganywa. Akatia. "Tupu," akasema. Nikamwambia anipe na mimi. Nikatia changu.

Saima

Dada. Nilihesabu vibaya. Njoo nyumbani. Onni